Mwongozo kamili: namna ya kulitambua lango la kihistoria katika picha ya zamani ya safari

Picha hizi zinafanana. Mzee wa familia kasimama na suti yake, nyuma yake lango kubwa la mawe, na ukiigeuza picha hukuti hata neno moja. Mjukuu anaipeleka kwenye simu, simu inamtajia jina, jina linaandikwa kwenye albamu, na Sikukuu ikifika ami mmoja anaitazama na kusema: hapa si hapo.

Makosa yenyewe hayabadiliki. Lango la Bombay linaitwa la Delhi, la Delhi linaitwa la Paris, na mwaka uliochongwa kwenye jiwe unachukuliwa kuwa ndio mwaka wa picha. Ndiyo maana katika mwongozo huu jina linakuja mwishoni. Kwanza tunaiangalia karatasi, halafu jengo, halafu vitu vilivyolizunguka jengo.

Mfano wangu mkuu ni Gateway of India ya Bombay, mji ambao leo unaitwa Mumbai. Lango hilo limo kwenye albamu nyingi za Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, kwani meli kama Karanja na Kampala zilikuwa zikienda na kurudi kati ya Bombay na bandari zetu, zikibeba wafanyabiashara, wanafunzi na wagonjwa.

## Vitu vya kuandaa

- Skana, au simu yenye kamera nzuri na dirisha lenye mwanga wa kutosha usio jua kali.
- Kioo cha kukuzia. Hata kile cha kusomea gazeti kinatosha.
- Penseli laini na daftari. Kalamu ya wino iweke mbali na meza.
- Rula ya kupimia ukubwa wa picha kwa sentimita.
- Intaneti: Google Lens, Yandex na TinEye kwa kutafuta kwa picha; Google Street View na Google Earth kwa kusimama pale alipokuwa mpiga picha.
- Mtu mzima wa familia. Huyu mpigie simu baadaye, nitakwambia lini.

## Hatua ya 1: Nakili picha yote, mbele na nyuma

Skani kwa nukta 600 kwa inchi au zaidi, bila kukata kingo. Kingo nyeupe, namba ndogo za dukani, muhuri uliofifia na alama ya gundi vyote ni ushahidi, na mtu akizikata ili picha ipendeze huwa ameutupa.

Kama unatumia simu, laza picha mezani, simama ili kivuli chako kisiiangukie, na uzime taa ya kamera. Picha za kung'aa hurudisha mwanga, na doa jeupe litaangukia palepale penye maandishi.

Onyo: picha iliyogandishwa kwenye albamu usiibandue. Karatasi ya zamani huchanika katikati, upande wa nyuma ukabaki kwenye gundi pamoja na maandishi uliyokuwa ukiyatafuta. Wala usiifute kwa kitambaa chenye maji.

Hatua hii imekamilika ukiweza kuikuza nakala hadi uone vidole vya mtu aliyesimama mbele ya lango.

## Hatua ya 2: Isome karatasi kabla ya kulisoma lango

Karatasi haijui lango linaitwaje, lakini inajua umri wake. Watu wengi huiruka hatua hii, kisha hupoteza siku nzima wakitafuta jengo la 1890 kwenye picha ya 1960.

Karatasi nyembamba, yenye rangi ya udongo au manjano, iliyogandishwa kwenye kadi ngumu, kwa kawaida ni ya karne ya 19. Picha nyeusi na nyeupe ambayo sehemu zake nyeusi zimeanza kung'aa kama fedha ukiiinamisha ni ya teknolojia iliyofuata, na hiyo iliendelea kwa miongo mingi. Picha ya rangi yenye mwezi na mwaka kwenye ukingo mweupe, tuseme AUG 67, ni ya miaka ya 1950 hadi 1970. Angalia hapo: tarehe hiyo ni ya kusafishwa, si ya kupigwa. Filamu iliweza kukaa ndani ya kamera mwaka mzima ikisubiri harusi nyingine.

Kama ni postikadi, tazama mgongo. Zile za mwanzo hazina mstari wa katikati. Upande mzima ulikuwa wa anwani, na salamu zilibanwa kwenye picha. Uingereza iliruhusu mgongo uliogawanywa mwaka 1902, Marekani mwaka 1907. Kadi ya Kiingereza yenye mstari katikati, basi, haiwezi kuwa ya 1899 hata kama muuzaji wa mtandaoni anaapa.

Andika daftarini: haiwezi kuwa kabla ya mwaka fulani, haiwezi kuwa baada ya mwaka fulani. Pengo likiwa la miaka thelathini usijali. Litapungua.

## Hatua ya 3: Lieleze lango bila kulitaja jina

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, basi usiharakishe. Chukua kioo na ujibu maswali haya kwa maandishi.

Lina matundu mangapi ya kupitia? Wellington Arch ya London lina moja, Marble Arch la mji huohuo lina matatu. Brandenburg ya Berlin ina njia tano, na juu yake hakuna tao lolote, ni boriti iliyonyooka juu ya nguzo. Arc de Triomphe la Paris ukilitazama kwa mbele lina tao moja kubwa, lakini lina jingine dogo linalokatiza kwa ubavuni. Hesabu hii peke yake huondoa nusu ya majina ambayo simu itakupa.

Tao lina umbo gani? Nusu duara ni desturi ya Kirumi, na Ulaya waliiga. Tao lenye ncha juu utalikuta kwenye malango ya Kihindi na Kiislamu. Lile linalobana chini kama kwato la farasi lakuelekeza Moroko, mfano Bab Mansour ya Meknes. Kama hakuna tao, bali nguzo mbili na boriti mbili juu yake, mbele ya hekalu au baharini, hilo ni torii la Japani.

Juu kuna nini? Sanamu, farasi, kuba, minara midogo, paa la vigae, au hakuna kitu?

Limepambwa wapi? Hapa ndipo Delhi na Paris zinapoachana. India Gate ya Delhi, iliyochorwa na Edwin Lutyens, ni refu (mita 42) na mawe yake ni matupu karibu yote. Arc de Triomphe, lenye mita 50, limejaa sanamu kubwa za watu kwenye miguu yake. Ukiona miili ya askari wa mawe imetokeza ukutani, iondoe Delhi kwenye orodha.

Sasa tulifanye la Bombay. Tao moja kubwa la katikati lenye ncha, na kila ubavu lina ukumbi wenye matao madogo. Juu kuna minara minne midogo. Kwenye kuta kuna mawe yaliyotobolewa kwa nakshi, kazi ambayo mtu wa Lamu au Mji Mkongwe ataifurahia. Mawe ni ya rangi ya manjano iliyochakaa, na mbele yake ni bahari. Delhi haina bahari. Unaweza kucheka, lakini hili la bahari ndilo linalosahaulika kuliko yote: picha ina mashua nyuma, na chini yake pameandikwa India Gate, Delhi.

Onyo: usiandike "linafanana na". Andika unachokiona. Neno "linafanana" huleta jina kwa mlango wa nyuma, na kuanzia hapo macho yako yatakuwa yakilitetea.

Ukimsomea mtu maelezo yako kwa simu, naye akaweza kuchora mchoro unaokaribiana na picha, songa mbele.

## Hatua ya 4: Soma maandishi, lakini mwaka wake usiuamini

Kuza kila sehemu ya juu ya lango. Hata herufi mbili zinasaidia, na hata kama husomi lugha yenyewe, aina ya mwandiko inatosha kukupeleka bara sahihi.

Mtego upo kwenye miaka. Gateway of India limeandikwa MCMXI, yaani 1911, kwa sababu linakumbuka kushuka kwa Mfalme George V na Malkia Mary tarehe 2 Desemba 1911. Siku hiyo lango lenyewe halikuwepo. Jiwe la msingi liliwekwa Machi 1913, mchoro wa George Wittet ukakubaliwa 1914, na lango likafunguliwa rasmi tarehe 4 Desemba 1924. Mtu akikuletea picha ya lango hilo na kusema ni ya 1911, mwambie asubiri miaka kumi na mitatu.

India Gate nayo ina mtego huohuo maradufu: neno INDIA, na pembeni yake MCMXIV na MCMXIX, ambayo ni 1914 na 1919. Hiyo ni miaka ya vita. Lango lilizinduliwa Februari 1931. Kwa msomaji wa pwani yetu kuna jambo la kuangalia zaidi hapo: maandishi ya juu yanataja nchi ambako askari wa Kihindi walikufa, na Afrika Mashariki imo. Baadhi yao walianguka Tanga, Novemba 1914.

## Hatua ya 5: Sasa ndiyo uiulize simu, tena kwa vipande

Usipeleke picha nzima. Programu za kutafuta huvutwa na kitu kikubwa zaidi, na mara nyingi kitu hicho ni babu yako. Kata nakala tatu: lango lote bila watu, sehemu ya juu peke yake, na jengo lolote lililo nyuma. Hiyo ya tatu ndiyo mara nyingi hutoa jibu, kwa sababu hoteli au kanisa lililo nyuma halina ndugu wengi wa kufanana nalo.

Kuondoa sura za watu kuna faida nyingine. Picha ya familia haina sababu ya kuachwa kwenye hifadhi ya kampuni usiyoijua.

Jaribu angalau programu mbili. Zikitofautiana, usipige kura. Rudi kwenye daftari la Hatua ya 3 na ufute kila jina linalogongana na hesabu yako. Zikikubaliana pia usishangilie, maana huenda zote zimejifunza kutoka kwenye maelezo yaleyale ya picha, yaliyonakiliwa na makosa yake.

Unatakiwa kubaki na majina mawili au matatu. Ukibaki na moja tu mapema hivi, tafuta la pili kwa makusudi ili uwe na cha kulishindanisha nalo.

## Hatua ya 6: Linganisha, ukitafuta kinachokataa

Fungua picha za kila lango lililobaki kwenye Wikimedia Commons au kwenye mkusanyo wa Maktaba ya Bunge ya Marekani, ambako kuna picha nyingi za zamani za safari zilizowekwa wazi kwa umma. Kwa picha za Afrika Mashariki, tazama Winterton Collection ya Chuo Kikuu cha Northwestern.

Chagua vitu vidogo visivyobadilika: idadi ya mawe kutoka ardhini hadi tao linapoanza kupinda, umbali kati ya minara, madirisha ya pembeni. Weka alama kwa vile vinavyolingana. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: tafuta kimoja kisicholingana. Vitu kumi vinavyolingana na kimoja kinachokataa bila maelezo, lango si hilo. Kama maelezo yapo (limekarabatiwa, sanamu imeondolewa, picha imegeuzwa), yathibitishe kwanza.

Halafu simama pale aliposimama mpiga picha, kwa kutumia Street View. Ukikuta kwamba ili kupata mwonekano ule ingebidi asimame ndani ya ukuta, jambo haliko sawa.

## Hatua ya 7: Hakikisha picha haijageuzwa

Filamu na slaidi zilikuwa zikisafishwa upande wa nyuma mara nyingi kuliko unavyodhani, na kushoto kukawa kulia.

Tazama herufi, hata za bango dogo. Tazama magari: India, Uingereza na kwetu huenda upande wa kushoto, Ufaransa na Ujerumani upande wa kulia. Tazama vifungo vya koti. La mwanamume hufungwa kushoto juu ya kulia.

Kwa Bombay kuna kipimo rahisi. Ukilitazama lango kutoka baharini, hoteli ya Taj Mahal Palace inakuwa kushoto kwako na lango kulia. Zikibadilishana nafasi, igeuze nakala kwenye kompyuta na uilinganishe upya.

## Hatua ya 8: Tafuta tarehe kwa vitu vinavyokuja na kuondoka

Lango limesimama tu. Linalokupa tarehe ni lile lililoongezwa, lililoondolewa au lililopita barabarani.

Bombay: hoteli ya Taj ilifunguliwa 1903, na mnara wake mrefu wa kisasa ukajengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hoteli ikiwepo bila mnara, picha ni ya kabla ya hapo. Sanamu ya Shivaji akiwa juu ya farasi, kwenye bustani iliyo ng'ambo ya lango, ilizinduliwa 26 Januari 1961. Gari la Hindustan Ambassador halikuwepo barabarani kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1950. Na kama uso wa lango unaotazama bahari umeangazwa na jua, ilikuwa asubuhi, kwa sababu bahari iko mashariki.

Delhi: nyuma ya India Gate kuna kibanda cha mawe chenye paa la kuba. Sanamu ya George V ilikaa humo kuanzia 1936 hadi ilipoondolewa 1968. Kuanzia hapo kibanda kikabaki kitupu miaka mingi, mpaka sanamu ya Subhas Chandra Bose ilipowekwa 2022. Mwenge wa askari chini ya tao uliwashwa Januari 1972. Mtu aliyepigwa picha mbele ya kibanda kitupu na mwenge ukiwaka alikuwa Delhi baada ya hapo.

London ndiyo rahisi kuliko zote. Juu ya Wellington Arch ukiona mtu mmoja mkubwa ajabu juu ya farasi, picha ni ya kabla ya 1883. Pakiwa patupu, ni kati ya 1883 na 1912. Farasi wanne na malaika, ni kuanzia 1912.

Berlin: ukuta ukipita mbele ya Brandenburg, ni kati ya 1961 na 1989.

Kwetu nako kipimo kipo. Pembe za ndovu za Mombasa ziliwekwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ziara ya kifalme. Postikadi inayoitaja barabara yake kuwa Kilindini Road ilichapishwa kabla barabara hiyo haijaitwa Moi Avenue, na Moi aliingia madarakani 1978.

Sasa ndiyo umpigie simu yule mtu mzima. Usimuulize "Hii ni Bombay?", kwa sababu kwa heshima au kwa uchovu atakuitikia ndiyo. Muulize: "Bibi, babu alisafiri na meli gani? Alikwenda kutibiwa au kufanya biashara? Ulikuwa umeshajifungua mtoto gani?" Umri wa mtoto ni kalenda nzuri kuliko mwaka anaoukumbuka.

## Hatua ya 9: Ikiwa lango halipatikani popote

Kuna uwezekano wa aina mbili.

Kwanza, lilihamishwa. Marble Arch lilihamishiwa lilipo sasa mwaka 1851. Beijing kulikuwa na lango la ukumbusho wa balozi wa Ujerumani, Clemens von Ketteler, lililomalizika 1903 katika barabara ya mjini. Mwaka 1919 likapelekwa kwenye bustani, maandishi yakabadilishwa, na 1953 yakabadilishwa tena kuwa wito wa kulinda amani. Ukitafuta barabara iliyo kwenye picha hutaliona, na ukisoma maandishi ya leo hayatalingana na ya zamani. Fuata umbo na uache anwani.

Pili, na hili ni la kawaida zaidi katika makoloni, lango lilikuwa la muda. Mfalme, gavana au binti mfalme akija, mji ulisimamisha matao ya mbao, vitambaa na makuti, na wiki iliyofuata mbao zikachukuliwa na mafundi. Dalili zake: bendera nyingi, kitambaa kilichokunjamana kwenye kona, nguzo zisizo na msingi, na neno la kukaribisha. Hapo achana na vitabu vya majengo. Tafuta ratiba ya ziara, kwa mfano ile ya Princess Margaret ya 1956 hapa Afrika Mashariki, kisha magazeti ya wiki hiyo, majarida kama Mambo Leo, na filamu za habari za British Pathé.

## Hatua ya 10: Andika ulichokipata pamoja na kiwango cha uhakika

Andika kwa penseli laini, nyuma ya picha, pembezoni, picha ikiwa imelala juu ya kitu kigumu ili mikwaruzo isitokeze mbele. Maelezo hayohayo yaweke kwenye jina la faili la nakala. Tenganisha unachokijua na unachokikisia, na uandike sababu, ili atakayekuja kupinga ajue aanzie wapi. Mfano:

*Bombay, India. Gateway of India, upande wa mjini: hakika (minara minne, tao lenye ncha, maandishi MCMXI). Haiwezi kuwa kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1950: gari la Ambassador lipo kulia. Haiwezi kuwa baada ya Agosti 1967: tarehe ya ukingoni. Aliyesimama kushoto ni babu: kwa kauli ya bibi. Mwenye kofia: bado hajatambuliwa.*